Jibu Mlilitoa Wenyewe

Katika chumba kile, neno lililosemwa kuliko yote lilikuwa nipishe. Kitanda cha Bibi kilikuwa upande huu wa ukuta, kitanda cha Fundi na mumewe, mwana wa Bibi, nyuma ya pazia, cherehani dirishani, na katikati palibaki njia ya kupita mtu mmoja, tena awe amejibana. Kwa hiyo kutwa ilikuwa nipishe mama, nipishe mwanangu, nipishe nina maji ya moto. Anayeambiwa anainuka, anabana tumbo, mwenzake anapita, kisha anarudi palepale alipokuwa. Hakuna aliyenuna. Nyumba ilikuwa ya Bibi, ya matofali aliyoyafyatua kwa mikono yake mwenyewe akiwa mjane, na kwake mtu hununa kwa ajili ya nini?

Siku Katibu alipofika, neno hilo lilisemwa hata kabla hajapata pa kukaa.

Alikuwa katibu wa mheshimiwa, kijana nadhifu, viatu vinang'aa mpaka Chiriku, mtoto wa nyumba, akainama kujitazama ndani yake. Akawekwa juu ya kitanda cha Bibi maana kiti hakikuwepo. Fundi alikuwa akishona sketi za shule. Alisimamisha mguu kwenye pedali ili mashine isimpigie mgeni kelele. Masikio hakuyasimamisha.

"Wewe ndiye Kipaza?" Katibu alimuuliza mume wa Fundi.

"Ndiye mimi, bosi. Mwenyewe kabisa, siyo wa kuazima."

Mtaa mzima ulimwita hivyo, Kipaza. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya maduka na kipaza sauti begani, akiita wateja. Wapo waliopiga kelele kumzidi, lakini duka alilosimama yeye ndilo lililojaa.

"Siri yako nini?"

Kipaza akajiweka vizuri kwenye ndoo aliyoigeuza kuwa kiti. Alipenda kuulizwa hivyo. "Mimi simwambii mtu kitu, bosi. Nikimwambia mama nunua sufuria, atanisonya ajipitie. Mimi namuuliza. Mama, sufuria yako ya nyumbani haivuji? Atajibu, hata kama ni kimoyomoyo. Akishajibu, nimemaliza kazi. Neno langu anaweza kulikataa. Jibu lake mwenyewe atalikataaje?"

Katibu akacheka, kisha akakata kicheko katikati. "Sikiliza. Barabara inakuja huku. Kuna nyumba zitaguswa. Mheshimiwa atakuja mwenyewe kuwaambia watu wahame, na hataki mawe."

Zitaguswa, Fundi alilisema neno hilo moyoni. Kama vile mtu atapita na kidole.

Pale pale Bibi akaingia na ndoo ya maji, mgongo umepinda. "Nipishe baba, nipite."

Katibu akainua miguu yake yote miwili hewani. Bibi akapita. Katibu akaishusha.

Kipaza akapiga paja. "Umejiona, bosi? Umejiona ulivyofanya? Umemjua huyu mama? Humjui. Umeuliza anapita kwenda wapi? Hukuuliza. Sasa nyie mnakwenda kusema watu wahame! Mtu wa huku akisikia kuhama anainama kuokota jiwe. Sema wapishe. Mtu mzima na adabu zake, akiombwa apishe, atakataa aonekane nani?"

Katibu hakucheka tena. Alilirudia neno lile taratibu, kama mpishi anayeonja mchuzi kwenye kiganja. "Wapishe. Wapishe barabara ipite."

"Ehee! Umeshamaliza!"

"Na nyumba yetu?" Fundi aliuliza kutoka dirishani. "Nayo itaguswa?"

Wanaume wote wawili wakamgeukia kama waliosahau kwamba cherehani ile ina mwenyewe.

"Shemeji," Katibu alisema kwa upole, "mumeo yuko na sisi, wewe una wasiwasi wa nini?"

Lilikuwa swali. Fundi, aliyezoea kufikiri kabla ya kufungua mdomo, alianza kulitafuta jibu, na alipolipata Katibu alikuwa ameshaaga, yuko nje, anafuta viatu.

Mkutano ulifanyika uwanja wa mpira. Fundi alikwenda na Bibi na Mama Mkaa, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, aliyeuza mkaa na kucheka kwa sauti ya kuamsha waliolala. Kipaza alikuwa juu ya gari, amevaa shati jipya alilopewa, lenye picha ya mheshimiwa kifuani. Chiriku alimpungia mkono mpaka mkono ukachoka.

Mheshimiwa hakuwa mtu wa kufoka. Alishuka garini, akasimama chini na watu, juani kama wao.

"Mimi sikuja kuhutubia," alisema. "Hotuba mnazo nyingi, zinatoka redioni bure. Nimekuja kuuliza tu, kama mtoto anavyouliza kwao. Kuna mama wa mtaa huu alijifungulia kwenye mkokoteni, kwa sababu gari halikuweza kufika. Yupo?"

Mama yule alikuwepo. Mkono wake ukanyanyuka nusu, kwa aibu, na uwanja ukanyamaza. Kila mtu pale aliujua usiku ule na vilio vyake. Fundi mwenyewe ndiye aliyeshika taa.

"Mama huyu alistahili mkokoteni?"

"Hapana!" Kipaza aliitikia juu ya gari, na uwanja ukamfuata. "Hapana!"

"Na binti yake, akikua, naye astahili mkokoteni?"

"Hapana!"

Mheshimiwa akaacha sauti zishuke. "Sasa niambieni. Uko nyumbani kwenu, umekaa zako mlangoni. Mama yako mzazi anakuja, amebeba maji ya moto, anakwambia mwanangu nipishe. Unafanya nini?"

"Unampisha!"

"Humwambii, mimi nimekaa hapa tangu zamani, siondoki?"

Watu wakaangua kicheko. Mama Mkaa alishika ubavu wa Fundi asianguke. "Jamani huyu! Kama anatujua majumbani mwetu!"

"Kwa hiyo adabu mnazo?"

"Tunazo!"

"Haya, umempisha. Mama amepita na maji yake. Akishapita, je? Wewe unafanya nini?"

Kipaza ndiye aliyekuwa wa kwanza. Sauti yake ilipanda juu ya vichwa vyote, tamu, ya furaha, sauti iliyouza sufuria na mashuka na dawa za mbu. "Unarudi!"

"Sijasikia."

"Unarudiii!"

Fundi naye alisema. Baadaye angetamani kujiambia kwamba alinyamaza, lakini alisema, na mikono akaipiga. Ilikuwa raha kuwa na jibu moja watu wengi namna ile.

Mheshimiwa akatoa leso, akajifuta uso. "Basi mimi sina la kuongeza. Mmeyasema wenyewe."

Walirudi nyumbani wakiimba. Jioni hiyo, wakati Kipaza akivua shati jipya na kulikunja kwa adabu zote, Fundi alimwambia, "Baba Chiriku. Kuna kitu hakinikai sawa."

"Kitu gani?"

"Mama akipita na ndoo, anakwenda zake, njia inabaki wazi. Barabara ikipita inakwenda wapi?"

"Inakwenda inakokwenda! Mjini!"

"Lakini haiondoki. Mtu akipita anaondoka. Barabara ikipita ndiyo inakaa."

Kipaza alimtazama, akacheka, lakini kicheko kilichelewa kidogo kutoka. "Wewe unapasua neno kama unapasua kitambaa. Watu watarudi pembeni ya barabara, wapewe viwanja safi, wafungue maduka. Ndiyo maana yake."

"Nani kasema?"

"Si tumesema sote? Uwanja mzima! Wewe hukuwepo?"

Fundi akarudi kwenye sketi zake. Bibi, aliyekuwa kitandani, macho wazi, alisema tu, "Mwacheni mheshimiwa. Mtoto wa watu kaongea kwa heshima."

Nyumba hazikubomolewa na mashine. Hicho ndicho watu walichokuja kujilaumu kwacho zaidi. Walizibomoa wenyewe. Kila mtu aling'oa bati lake polepole lisipinde, akachomoa misumari na kuinyoosha, maana atakuja kuipigilia tena. Kipaza alizunguka mtaa na kipaza sauti chake akiwatia moyo, "Tupishe jamani, tupishe, mama yupo njiani na maji ya moto!" na watu waliokuwa juu ya mapaa walimjibu kwa mbinja.

Bibi aling'oa mlango wake. Vitu vilipokwisha kupakiwa kwenye mkokoteni alichukua ufagio akaingia tena ndani, kwenye chumba kisicho na paa wala mlango, akakifagia kona kwa kona.

"Mama, unafagia nini tena?" Fundi aliuliza.

"Nikirudi nikute pasafi."

Fundi alitaka kusema kitu. Alimwona Bibi alivyoinama, anatoa uchafu kwenye pembe kwa ncha za vidole, akageuka kukaza kamba za mkokoteni.

Walikwenda kwa dada yake Kipaza, mke wa dereva wa magari makubwa. Walipewa sebule. Wakati wa kulala walisogeza makochi, na alfajiri makochi yalirudishwa kabla wenye nyumba hawajaamka. Mwanzoni wifi yake Fundi alikuwa mchangamfu. Alimkumbatia mama yake, akamwambia, "Kwani hapa si kwako?" Baadaye uchangamfu ukaanza kupungua, kama sabuni inavyopungua, huoni inakokwenda.

"Wifi," alisema asubuhi moja, "hiyo mashine yako, samahani kukwambia. Shemeji yako akirudi safari anataka apumzike. Inamgonga kichwani."

"Nitashonea nje, wifi."

"Nje jua litakuunguza. Mimi nasema tu. Kwani nimekukataza?"

Fundi akashonea nje, chini ya kamba za nguo, na nguo za dereva zilipokauka zilimpigapiga usoni. Chiriku alifundishwa kuuliza kabla ya kufungua friji, kisha akafundishwa kutouliza. Bibi, aliyezoea kuoga alfajiri, aliambiwa asubiri mpaka dereva atoke bafuni, na dereva alikuwa mtu wa kukaa sana bafuni. Nyumba hiyo nayo ilikuwa na nipishe yake, ila ilisemwa na upande mmoja tu. Hakuna siku Fundi alimwambia wifi yake ampishe. Alisubiri, au alizunguka.

"Mtarudi lini vile?" wifi aliuliza siku moja akimenya viazi, bila kuinua macho.

"Karibuni," Kipaza alijibu. "Barabara inakaribia kwisha."

"Mheshimiwa amewaambia?"

"Si alituambia uwanjani?"

"Mimi sikuwepo uwanjani, kaka. Mimi nauliza tu."

Barabara ikaisha. Ilikuwa nzuri, hilo hakuna aliyelikana. Nyeusi, pana, ina mistari. Ilipita juu ya chumba cha Bibi, juu ya stoo ya mkaa ya Mama Mkaa, juu ya kibanda cha kinyozi, na pembeni yake, upande huu na ule, ukapigwa uzio wa waya wenye bango la kampuni. Nyuma ya uzio hapakuwa na kiwanja cha mtu.

Ndipo wakakusanyana waliokuwa majirani, wakaenda ofisini kwa Katibu. Walimweka Kipaza mbele, maana ndiye mwenye mdomo, tena ndiye anayejulikana pale. Alivaa shati lile jipya. Fundi alilipiga pasi mwenyewe.

Katibu aliwapokea vizuri, akawaletea maji ya kunywa, viti vikawa vichache, wengine wakasimama.

"Bosi," Kipaza alianza, "barabara imeshapita. Tumekuja tujue tunarudi vipi."

"Mnarudi wapi?"

"Nyumbani. Mheshimiwa alisema tukishapisha tunarudi."

Katibu akakunja uso, si kwa hasira, kwa mshangao wa mtu aliyesingiziwa. "Mheshimiwa alisema hivyo? Jamani, tusimwekee mzee maneno mdomoni. Mkutano ule ulirekodiwa wote." Akatoa simu yake, akatafuta, akaiweka juu ya meza.

Chumba kikajaa uwanja. Walijisikia wakicheka. Fundi alikisikia kicheko cha Mama Mkaa, kisha ile sauti ya upole: Akishapita, je? Wewe unafanya nini?

Na juu ya vichwa vyote, tamu, ya furaha: Unarudi!

Katibu akazima. "Huyu aliyesema unarudi ni mheshimiwa?"

Akawapitishia macho mmoja mmoja.

"Nauliza tu. Sauti hii ni ya nani?"

Mama Mkaa ndiye aliyegeuka kwanza, polepole, na uso wake haukuwa na hata chembe ya kicheko. "Ya Kipaza," alisema. "Ni Kipaza huyu."

"Jamani, lakini sote..." Kipaza alianza.

"Sote tulikufuata wewe!" Kinyozi akapaza sauti. "Wewe ndiye uliyekuwa juu ya gari! Wewe ndiye uliyepewa shati! Sisi tulipewa nini? Jua?"

"Mimi nilidhani..."

"Alidhani! Mtu kavua paa la mama yake mzazi kwa mdomo wake, anasema alidhani!"

Kipaza akafungua mdomo. Fundi alikuwa pembeni yake, akamwona akiufunga tena. Mtu aliyeweza kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara hakuweza kuwafikia watu waliosimama naye bega kwa bega.

"Mheshimiwa aliuliza," Katibu alisema, akiinuka kuwafungulia mlango. "Jibu mlilitoa wenyewe. Na mimi siwazuii. Mnataka kurudi? Rudini. Barabara ni ya wote." Akatabasamu, na kijana mmoja aliyekuwa akichapa barua kwenye meza ya pembeni akashindwa kujizuia, akacheka.

Baada ya hapo Kipaza hakupata kazi. Siyo kwamba maduka yalimfukuza. Alisimama mbele ya duka la mashuka, akauliza kama kawaida yake, "Mama, shuka lako nyumbani halijatoboka?" na mama yule akamjibu kwa sauti ya mtaa mzima, "Unarudiii!" Watu wakacheka mpaka mwenye duka akatoka kuona kuna nini. Duka la pili likawa hivyo hivyo. Hata watoto walilijua. Akimuuliza mtu saa, anaambiwa unarudi.

Alikaa nyumbani kwa dada yake, kwenye ukingo wa kochi, kipaza sauti chini ya miguu, na dereva akipita alisema, "Habari za kazi, shemeji?" kila siku, kwa adabu, akijua.

Fundi hakumlaumu kwa maneno. Alikuwa na hasira, hasira nzito ya mtu aliyeona mapema na hakusisitiza, na hakujua sehemu ya mumewe inaishia wapi na yake inaanzia wapi. Alishona. Usiku alimsikia akigeuka upande na upande.

Kisha Katibu akaja tena.

Alikuja mchana, na gari, akakaribishwa sebuleni na wifi mtu kwa soda. Alizungumza kana kwamba ile siku ya ofisini haikuwepo. Kuna watu ng'ambo ya bonde, alisema. Wamekaa pale panapotakiwa kujengwa matangi ya maji. Mji mzima hauna maji. Mheshimiwa atakwenda kuzungumza nao, na amesema hataki mtu mwingine juu ya gari, amesema aitwe Kipaza.

"Mimi nimeacha," Kipaza alisema akitazama sakafu.

"Kuna nyumba za wafanyakazi wa maji. Vyumba viwili, jiko, bomba ndani. Mlango wake mwenyewe. Funguo nitakukabidhi siku ileile, mkutano ukiisha."

Wifi aliyekuwa mlangoni na trei akasimama alipokuwa.

"Nimekwambia nimeacha, bosi."

Katibu akainuka, akainyoosha suruali. Akamtazama Bibi, aliyekuwa ameketi kona ya kochi, magoti pamoja, mikono mapajani, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Kisha akashusha sauti. "Kipaza. Wewe unataka mama yako afie kwenye kochi la mkwewe?"

Akaaga, akatoka, gari likaondoka.

Kipaza akaanza kucheka, kicheko kibaya, cha puani. "Ameniuliza," alisema. "Mama Chiriku, umemsikia? Ameniuliza mimi! Mimi niliyemfundisha!"

"Nimemsikia."

"Nimejibu?"

"Hukujibu."

"Nimejibu," alisema, na macho yake yakajaa maji. "Moyoni nimeshajibu."

Bibi akasogea kidogo kwenye kochi. "Mwanangu, usinitazame mimi. Mimi nilijenga nyumba yangu, nikaitoa kwa adabu, yameisha. Lakini nimechoka kujikunja. Hilo ndilo nasema. Nimechoka kukohoa kwa kujiziba mdomo."

Dada yake Kipaza akasema haraka, "Mama, nani kakuziba mdomo?" kisha akaondoka na trei yake.

"Na wale watu wa ng'ambo?" Fundi aliuliza.

"Wale siwajui."

"Ndiyo maana nauliza."

Kipaza akamgeukia. "Sema wewe basi. Ukisema nisiende, siendi. Nakuapia. Nisiende?"

Fundi akaliona swali lilivyokuja, lilivyopakwa mafuta, lilivyosimama mbele yake na mkono umenyooshwa. Akisema usiende, ndiye aliyemlaza Bibi kwenye kochi. Akisema nenda, ndiye aliyempeleka. Miaka yote ya ndoa alimsikia akiwafanyia hivyo wenye sufuria zinazovuja, na alikuwa akicheka.

"Usiniulize mimi," alisema. "Safari hii jiambie mwenyewe."

Alijiambia aende. Shati lenye picha alilipiga pasi mwenyewe, vibaya, likabaki na mikunjo mgongoni, na Fundi akaiona mikunjo ile na kuiacha.

Fundi naye alikwenda ng'ambo ya bonde. Hakwenda kusikiliza. Katibu alikuwa ametuma neno kwamba funguo zitatolewa kwa mke, zisije zikapotea kwenye msongamano, na kwamba asubiri kando ya gari lake mpaka mkutano uishe. Bibi alimfungia kanga begani kama anamsindikiza hospitali, akamwambia ajaribu kufuli kabla hajaondoka, kufuli za siku hizi hazina maana.

Akasimama kando ya gari. Palikuwa mahali pazuri. Nyumba ndogondogo zilipandana kwenye mteremko, na nyingi zilikuwa na mapazia. Mlango mmoja ulipakwa rangi ya buluu siku si nyingi, mchirizi wa rangi ukabaki juu ya jiwe. Mtu alikuwa ametandaza nguo za mtoto mchanga juu ya paa la banda la kuku.

Mheshimiwa alisimama chini na watu, juani kama wao. Hakusema wapishe. Neno lile lilikuwa limeshavuka bonde na kusikika vibaya. Safari hii aliuliza kama jirani akija na kibakuli kuazima unga unamnyima.

"Tunampa!" sauti ya Kipaza ilipanda. Ilikuwa imerudi yote, haikupungua kitu. Fundi alishangaa kwamba ilikuwa tamu vilevile.

"Na jirani muungwana, akishapika, anafanya nini?"

"Anarudisha!"

Watu walicheka, wakasukumana mabega. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni, mchanga bado, alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwenye gari. Hakuwa anacheka sana. Aliutazama umati, akamtazama Kipaza juu ya gari, kisha akamwona Fundi na kumsogelea, pengine kwa sababu Fundi naye alikuwa mwanamke aliyesimama peke yake.

"Dada, shikamoo. Wewe umekuja nao?"

"Marahaba. Nimekuja nao."

"Samahani nakuuliza. Mimi mume wangu yuko safari, sina wa kumuuliza. Nyumba yangu ni ile ya mlango wa buluu, tumehamia juzijuzi tu." Akampapasa mtoto matako, mtoto alikuwa ameanza kulia. "Huyu kaka wa juu ya gari unamfahamu? Anasema kweli?"

Fundi akamtazama usoni. Alikuwa na nafasi ya kutosha. Katibu alikuwa mbali, dereva wa gari alikuwa amelala na mguu nje ya dirisha, na funguo zilionekana kupitia kioo, zimefungwa kwa kamba nyekundu, zimelala juu ya gazeti. Maneno nayo yalikuwepo, yote, yamepangwa tangu siku ile aliyopasua neno la mheshimiwa kama kitambaa na kuchekwa. Yangetosha kusemwa kwa pumzi moja. Aliyasikia yakifika mpaka nyuma ya meno.

Akakohoa.

"Anasema vizuri," Fundi alisema.

"Ee," mwanamke yule akaitika, na mabega yake yakashuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Ee kweli, dada, anasema vizuri."

Akamvuta mtoto juu mgongoni, akakaza kanga, akarudi kati ya wenzake. Mheshimiwa akasema hajasikia. Mwanamke akanyoosha mkono, akajibu pamoja nao.